Bomu, Ardhi na Mji wa Dar es Salaam

Mwanzoni mwa mwaka 1962 bendera ya Tanganyika huru ilikuwa haijatimiza miezi mitatu tangu ipandishwe. Dar es Salaam ulikuwa mji mdogo. Sensa ya 1957 ilikuta humo watu 128,742, na ukiziacha nyumba za Magomeni kuelekea kaskazini, au ukizipita kota za Temeke kuelekea kusini, hukukawia kuingia kwenye minazi na mikorosho. Siku hizo ndipo walipofika watu watatu waliokwisha kuzunguka nusu ya dunia wakipinga bomu la nyuklia.

Wa kwanza alikuwa Michael Scott, kasisi wa Kianglikana kutoka Uingereza. Mwaka 1946 alifungwa Afrika Kusini kwa kujiunga na Wahindi waliokuwa wakipinga sheria za ubaguzi, na baadaye akawa msemaji wa Waherero wa Namibia mbele ya Umoja wa Mataifa. Wa pili alikuwa Bayard Rustin, Mmarekani mweusi aliyesomea mbinu za Gandhi kwa vitendo. Mwaka mmoja baadaye ndiye aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 28, 1963, yale ambayo Martin Luther King aliyahutubia. Wa tatu alikuwa Bill Sutherland, Mmarekani mweusi pia, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1918 na kutiwa gerezani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu alikataa kushika bunduki. Scott na Rustin walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka. Sutherland alibaki. Dar es Salaam ikawa kwao kwa miongo kadhaa.

Vitabu vingi vinavyosimulia mapambano dhidi ya silaha za nyuklia huishia Hiroshima, London na New York. Dar es Salaam haitajwi. Hilo ni pengo, kwa sababu katika mji huu ilisemwa mapema hoja ambayo kwingine ilichelewa sana: kabla bomu halijawa hatari kwa dunia nzima, lilikwisha kuwa hatari kwa watu wa mahali fulani. Urani huchimbwa kwenye ardhi ya watu. Bomu hujaribiwa kwenye ardhi ya watu. Na mara nyingi watu hao ni wale ambao hakuna aliyewauliza.

Watatu hawa walijifunza hoja hiyo kwenye njia ya kwenda Sahara.

Mwaka 1959 Ufaransa ilitangaza kwamba italipua bomu lake la kwanza la nyuklia kusini mwa Algeria, karibu na oasisi ya Reggane. Algeria ilikuwa bado koloni, na vita vya kuikomboa vilikuwa vimefika mwaka wa tano. Paris ilisema jangwa ni tupu. Lakini Reggane kulikuwa na wakulima wa mitende, kulikuwa na wafugaji waliopita na ngamia wao kufuata maji, na kulikuwa na vibarua wa Kialgeria walioajiriwa kujenga kambi yenyewe ya majaribio. Ghana, iliyokuwa huru kwa miaka miwili, ilipinga. Vivyo hivyo Nigeria, Morocco na Tunisia, kwa sababu upepo wa Sahara hauombi ruhusa mpakani.

Sutherland alikuwa akiishi Accra tangu 1953. Alikuwa amemwoa Efua, mwandishi wa tamthilia ambaye Ghana nzima ingekuja kumjua kwa jina la Efua Sutherland, na alifanya kazi karibu na Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Kwame Nkrumah, kiongozi wa Ghana. Yeye na wenzake wa Uingereza na Marekani walikubaliana na Baraza la Ghana la Kupinga Silaha za Nyuklia juu ya jambo lililoonekana la ajabu: kupanda magari kutoka Accra, kupita Volta ya Juu ambayo siku hizi ni Burkina Faso, na kusonga kaskazini hadi Reggane ili wakae pale pale penye bomu. Msafara uliondoka Desemba 6, 1959. Wengi wao walikuwa Waghana. Miongoni mwa wageni walikuwamo Scott, Rustin, Michael Randle wa Uingereza na Mfaransa mmoja mwanamke, Esther Peter. Walibeba karatasi za kugawa zilizoandikwa Kifaransa, Kiingereza na Kihausa.

Hawakufika. Askari wa Kifaransa waliwazuia Bittou, kilomita chache ndani ya Volta ya Juu. Wakakaa barabarani siku kadhaa, wakizungumza na wanavijiji waliokuja kuwatazama, kisha wakarudishwa. Walijaribu tena mara mbili wakarudishwa tena. Februari 13, 1960, alfajiri, bomu lililipuka likiwa juu ya mnara. Nguvu yake ilikuwa kama kilotani 70, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Siku ileile Ghana ilizuia mali za Wafaransa nchini mwake. Bomu la tatu lilipolipuka mwishoni mwa mwaka, Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa.

Yaliyofuata Sahara yanafaa kukumbukwa na kila anayeitetea haki ya waathirika wa mionzi. Ufaransa ilifanya majaribio 4 ya juu ya ardhi Reggane na 13 ya chini ya ardhi In Ekker, kwenye milima ya Hoggar. Mei 1, 1962, jaribio la In Ekker lililoitwa Béryl lilipasua mlima, wingu la mionzi likatoka na kuwafunika askari, vibarua na wageni rasmi, mawaziri wawili wa Ufaransa wakiwamo. Algeria ilikuwa inakaribia uhuru. Lakini makubaliano ya Évian ya Machi 1962, yaliyomaliza vita, yaliipa Ufaransa ruhusa ya kuendelea kuitumia Sahara kwa miaka mitano, na jaribio la mwisho lilifanyika Februari 1966. Bendera ilikuwa ya Algeria, ardhi ikaendelea kulipuliwa na Ufaransa. Vyuma vilivyochafuka viliachwa au vikafukiwa mchangani, na watu wa jangwani waliokuwa na shida ya vyuma wakavichukua kutengenezea vyombo na nyumba. Sheria ya Ufaransa ya kuwalipa waathirika ilipatikana Januari 2010 tu, nusu karne baada ya bomu la kwanza, na Waalgeria waliowahi kulipwa kwa sheria hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa watu wa msafara, somo la Bittou lilikuwa dhahiri. Kama Volta ya Juu ingekuwa huru, magari yangepita. Aliyeitawala barabara ndiye aliyelilinda bomu. Kwa hiyo kulipinga bomu Afrika bila kuupinga ukoloni ilikuwa kazi isiyo na miguu.

Ndiyo maana wakaja Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka 1961, wapigania amani wa mabara kadhaa walikutana Brummana, Lebanon, wakaunda Brigedi ya Amani ya Dunia. Wenyeviti wake walikuwa Scott, Mmarekani A. J. Muste na Jayaprakash Narayan wa India. Februari 1962 Scott, Rustin na Sutherland walikwenda Addis Ababa kwenye mkutano wa PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, ule ambao Nelson Mandela naye aliuhutubia baada ya kupita Dar es Salaam kwa siri na kumwona Julius Nyerere. Huko Addis walikubaliana na Kenneth Kaunda wa chama cha UNIP cha Rodesia ya Kaskazini na viongozi wa TANU, chama tawala cha Tanganyika. Rodesia ya Kaskazini ilikuwa chini ya Shirikisho la Rodesia na Nyasaland lililoongozwa na Roy Welensky, na ilihofiwa kwamba katiba mpya ingepindwa ili Waafrika wasipate wingi bungeni. Mpango ulikuwa huu: ikiwa UNIP itaitisha mgomo mkuu, maelfu ya watu wataandamana kwa miguu kutoka Mbeya, wavuke mpaka bila silaha, waingie Rodesia ya Kaskazini. Makao ya kazi yote yangekuwa Dar es Salaam, pamoja na kituo cha kuwafundisha vijana mapambano ya amani.

Ulikuwa wakati mzuri wa kuomba jambo kama hilo. Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Januari, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akijenge upya chama. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru bila risasi, na TANU iliamini kwamba jirani angeweza kupita njia hiyohiyo. Watu wa Brigedi walikwenda Mbeya, wakaungana na UNIP na TANU kwenye mkutano wa hadhara, wakaandikisha watu wa kujitolea. Wahindi waliokulia kwenye harakati za Gandhi, Suresh Ram mmoja wao, walijiunga nao Dar es Salaam.

Maandamano hayakufanyika. London ilikubali uchaguzi, uchaguzi ukafanyika Oktoba 1962, na miaka miwili baadaye Zambia ikazaliwa. Huenda tishio la kutembea kutoka Mbeya lilichangia. Kaunda mwenyewe alilithamini. Lakini ule mji uliopewa kazi ya kuwafundisha watu kupigana bila bunduki ulikuwa tayari unafundishwa kitu kingine. Juni 25, 1962, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam. Ureno haikuwa Uingereza, na Waafrika wa Msumbiji waliokwisha kuona watu wakipigwa risasi Mueda mwaka 1960 hawakuhitaji kuelezwa tofauti hiyo. Upande wa Temeke, kule Kurasini, palijengwa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana waliovuka Ruvuma wakikimbia. Wengi wa vijana wa kizazi hicho walikwenda kwenye makambi ya mafunzo ya kijeshi. Kituo cha mapambano ya amani kikafifia na Brigedi yenyewe ikaisha kimyakimya.

Sutherland hakukimbia mkanganyiko huo. Alibaki na imani yake ya kutoshika bunduki, akaishi katikati ya watu walioshika bunduki, akawasaidia kwa kila kisichokuwa bunduki. Nyumba yake ya Dar es Salaam ilikuwa mahali pa kufikia Wamarekani weusi na wapigania uhuru wa kusini. Alihangaikia kufanikisha Kongamano la Sita la Umoja wa Waafrika lililofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, Ukumbi wa Nkrumah, Juni 1974, na katika miaka hiyo akaliwakilisha shirika la Wakweka wa Marekani kusini mwa Afrika. Alifariki Marekani Januari 2010, akiwa na miaka 91. Namheshimu mtu huyu kwa sababu hakuruhusu swali la bomu litenganishwe na swali la nani anatawala. Na hakumtaka Mwafrika anayelipuliwa aonyeshe kwanza usafi wa mikono ndipo asikilizwe.

Serikali za Afrika nazo zilichukua hoja ya Sahara na kuipeleka kwenye meza rasmi. Novemba 1961 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka dunia iichukulie Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Tanganyika ilijiunga na Umoja huo mwezi uliofuata. Mei 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipozaliwa Addis Ababa, suala hilo lilikuwamo, na Julai 1964 wakuu wa nchi waliokutana Cairo walitoa tamko kamili la kuiepusha Afrika na silaha hizo. Umoja huohuo uliiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. Ukitazama karatasi za miaka ile, uhuru wa kusini na bomu vilikuwa kwenye ajenda za mikutano ileile na mikononi mwa watu walewale.

Kisha ikaja kura ya Juni 12, 1968. Baraza Kuu lilikuwa likiidhinisha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Nchi 95 zilisema ndiyo, 21 zikajizuia, na nne zikasema hapana: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Kwa msomaji wa leo jambo hili linashtua. Nchi iliyopinga bomu la Sahara inawezaje kuukataa mkataba wa kuzuia mabomu? Jibu lilikuwa kwenye mkataba wenyewe. Uliigawa dunia mafungu mawili, wenye mabomu na wasio nayo. Wasio nayo waliapa kutoyatafuta kamwe. Wenye nayo waliahidi tu kufanya mazungumzo kwa nia njema, bila tarehe. Dar es Salaam ilikataa kuita jambo hilo usawa. Nusu karne imepita, mabomu bado yako kwa maelfu, na naona hoja ile ilikuwa sahihi.

Lakini ukweli wote lazima usemwe. China, iliyokuwa nje ya mkataba huo na kuupinga vikali, ilikuwa rafiki mkubwa wa Tanzania na Zambia, na mwaka uliotangulia ilikuwa imekubali kuzijengea reli ya TAZARA. China hiyohiyo ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza Oktoba 1964 huko Lop Nur, katika nchi ya Wauyghur, na iliendelea kulipua mengine kwa miaka mingi. Wauyghur wale walikuwa na haki ileile ya watu wa Reggane. Sauti iliyopazwa dhidi ya Paris haikupazwa hivyo dhidi ya Beijing. Tanzania iliingia kwenye mkataba ule mwaka 1991.

Wakati huohuo Namibia ilikuwa inathibitisha hoja ya ardhi kwa namna ya kuumiza. Wapigania uhuru wa SWAPO walikuwa na makao yao ya awali Dar es Salaam, na kipindi chao kilirushwa hewani na Radio Tanzania. Nchi yao, ile ya Waherero aliowasemea Michael Scott, ilikuwa imekaliwa na Afrika Kusini. Septemba 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia lilitoa amri yake ya kwanza: mtu yeyote asichukue mali ya asili ya Namibia bila idhini yake. Miaka miwili baadaye mgodi wa urani wa Rössing ulianza uzalishaji, Uingereza ikiwa mnunuzi mkubwa. Wafanyakazi weusi walikaa Arandis, mji wa kampuni kando ya mgodi, wakalivuta vumbi lake. Na Afrika Kusini, iliyoulinda mgodi huo kwa bunduki, ilikuwa ikiunda mabomu yake yenyewe kwa siri. Mwaka 1977 satelaiti ziligundua mahali pa majaribio jangwani Kalahari. Machi 1993 F. W. de Klerk alikiri mbele ya bunge kwamba mabomu 6 yalikuwa yamekamilika kabla ya kuharibiwa. Nchi za Mstari wa Mbele, Tanzania ikiwa ndani yake, zilikuwa zimeishi miaka yote hiyo zikiwa jirani za bomu.

Hapo inaeleweka kwa nini Nyerere, mwenye mzigo wa uchumi uliokuwa unaporomoka na foleni za unga na sabuni mijini, aliingia kwenye kampeni kubwa ya mwisho ya maisha yake ya urais. Mei 22, 1984, viongozi sita walitoa wito wa pamoja kwa Marekani, Umoja wa Kisovieti na wenzao wenye mabomu: simamisheni majaribio, simamisheni utengenezaji, simamisheni usambazaji. Walikuwa Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Miguel de la Madrid wa Mexico, Raúl Alfonsín wa Argentina, Andreas Papandreou wa Ugiriki, na Nyerere. Indira aliuawa Oktoba mwaka huohuo. Januari 28, 1985, walipokutana Delhi, alikaa mwanawe Rajiv. Nyerere alikuwapo. Azimio la Delhi lilidai pia kwamba silaha zisipelekwe anga za juu, jambo ambalo Washington ilikuwa inalifanyia kazi wakati huo.

Novemba 1985 Mwalimu aliuacha urais. Angeweza kuuacha na mzigo huu pia. Hakuuacha. Agosti 1986, wiki ileile ya kumbukumbu ya Hiroshima, sita hao walikutana Ixtapa, Mexico, na Nyerere alikuwa miongoni mwao ingawa hakuwa tena mkuu wa nchi. Palme hakuwapo: alikuwa ameuawa kwa risasi mtaani Stockholm mwezi Februari, na nafasi yake ilichukuliwa na Ingvar Carlsson. Ixtapa ndipo walipotoa pendekezo lililovunja kisingizio kikubwa cha wenye mabomu. Hao walidai siku zote kwamba haiwezekani kuthibitisha kama mwenzao ameacha majaribio. Sita wakajibu kwamba nchi zao zitasaidia kupima mitikisiko ya ardhi, kwa vyombo na wataalamu. Watu wasio na bomu hata moja walikuwa wanajitolea kuwa mashahidi. Mikutano hiyo ilipoisha, Nyerere alirudi Butiama au nyumbani kwake Msasani, pwani ya Kinondoni, ambako aliendelea kupokea wageni wa dunia hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1999.

Aprili 11, 1996, nchi za Afrika zilitia sahihi Cairo Mkataba wa Pelindaba, uliopewa jina la kituo kilekile cha Afrika Kusini kilichohusika na mpango wa bomu la makaburu. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Mkataba ulianza kufanya kazi Julai 15, 2009. Tamko la Cairo la 1964 lilikuwa limechukua miaka 45 kuwa sheria.

Na katika miaka ileile mkataba ulipokuwa unakamilika, swali la ardhi liligeuka likaja nyumbani. Bei ya urani ilipanda sana mwaka 2007, na watafiti wa madini wakaingia Bahi na Manyoni katikati ya nchi, na Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mkuju ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa pori usogezwe ili mgodi ubaki nje, na Aprili 2013 leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Mradi ulikwisha kununuliwa na Warusi kutoka kwa kampuni ya Australia. Leo uko chini ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi lenye mitambo ya umeme wa nyuklia na pia viwanda vya mabomu ya nyuklia ya nchi hiyo.

Bahi, wakulima wa mpunga walianza kuuliza maswali kuhusu bonde lao kabla serikali haijawaeleza chochote cha maana. Anthony Lyamunda na shirika lake la CESOPE la Dodoma waliyabeba maswali hayo. Oktoba 2013 Bahi na Dar es Salaam zilipokea mkutano wa kimataifa kuhusu urani, afya na mazingira, uliowakutanisha madaktari wanaopinga vita vya nyuklia na wanaharakati wa Afrika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho makao yake yako Kijitonyama, kilikuwa miongoni mwa walioibeba kazi hiyo. Nusu karne baada ya watu wa msafara wa Sahara kufika Dar es Salaam, mji uliwapokea tena watu wenye hoja ileile, safari hii hoja ikiielekea serikali yetu.

Hapo ndipo naona tulipoyumba. Serikali iliendelea kusema maneno mazuri juu ya mabomu kule New York, na Septemba 26, 2019 Tanzania ilitia sahihi Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Ni jambo la heshima. Lakini kuhusu urani, lugha ya viongozi imekuwa ya mapato na ajira, na mwananchi anayeuliza juu ya maji huonekana mpinga maendeleo. Maji ya upande wa Mkuju huteremka kuelekea mto Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero ndipo Rufiji inapozaliwa. Juu ya Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linalowasha taa za Mbagala na Tandale. Hata kama urani ya Mkuju itaishia kwenye vinu vya umeme na isiingie kamwe kwenye bomu, maji haya ni ya wengi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa Mkuju.

Anayetaka kujua wanavijiji wanaogopa nini asiende mbali. Aende Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Ilikuwa urani tajiri kupita nyingine zote duniani. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Wakongo walioichimba na kuipakia hawakuambiwa ni kitu gani. Hiroshima iliua watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa 1945, na walionusurika, kupitia chama chao cha Nihon Hidankyo, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024 baada ya kusema bila kuchoka kwa karibu miaka 70. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawana hata orodha ya majina.

Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru mwaka 1960. Njaa ikawarudisha wachimbaji wadogo, wakitafuta kobalti kwa mikono. Januari 2004 Kinshasa ilipiga marufuku, na Julai mwaka huo shimo likaporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Mwaka 2006 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza biashara haramu ya Kongo waliandika juu ya shehena ya urani iliyozuiliwa Tanzania Oktoba 2005, iliyotoka Lubumbashi kwa barabara kupitia Zambia. Ni njia ileile ya malori ya shaba na kobalti tunayoyaona kila siku yakikata Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, yakipita Tazara na Uhasibu kuteremka Kurasini bandarini. Na Julai 2009 Golden Misabiko, aliyeongoza tawi la Katanga la shirika la haki za binadamu la ASADHO, alikamatwa baada ya shirika hilo kutoa ripoti juu ya Shinkolobwe.

Wakongo waishio Cape Town wamekuwa wakikumbuka Agosti 6 kwa kuwataja wachimbaji hao pamoja na wafu wa Hiroshima. Septemba 2022 Kongo iliridhia Mkataba wa Kupiga Marufuku. Kifungu cha 6 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziwahudumie watu wao walioumizwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo na kuisafisha ardhi iliyochafuliwa. Kifungu cha 7 kinazitaka nchi nyingine zisaidie. Vifungu hivyo vinamfikia mtu wa Reggane. Mchimbaji wa Shinkolobwe vinampita kando, kwa sababu vinataja matumizi na majaribio, wala havitaji uchimbaji. Pengo hilo nchi za Afrika zinaweza kulipigania kwenye mikutano ya wanachama, na Tanzania, iliyosema hapana mwaka 1968, ina historia ya kulisema.

Namtumbo bado kuna nafasi ya kufanya kile ambacho hakikufanyika Reggane, Arandis wala Shinkolobwe. Kabla mtambo mkubwa haujaanza, visima na mito ya vijiji vinavyozunguka mgodi vipimwe, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili. Kila mfanyakazi awe na kumbukumbu ya kipimo chake cha mionzi, ibaki hospitali ya wilaya hata kampuni ikiondoka. Vipimo virudiwe na wataalamu ambao hawalipwi na mwenye mgodi, Tume ya Nguvu za Atomiki iwafungulie mlango, na Bunge lipewe ripoti kila mwaka. Mzee wa kijiji cha Likuyu, wilayani humo, akiugua miaka ishirini kutoka sasa, aweze kuingia mahakamani na karatasi mkononi.